Ng'ombe wa Manila

Mtu akishinda kibanda umiza tangu mchana mpaka magharibi akitazama mpira wa nchi ambayo hatafika, hakuna anayemuuliza anapata faida gani. Lakini mwanamke wa miaka thelathini na kitu akionekana na mkasi, gundi na penseli za rangi, na wala hakuna mtoto karibu wa kusingiziwa, maswali hayaishi. Unauza? Umepata oda? Kazi ya shule hiyo? Kabula alikuwa amechoka kujibu kwamba hauzi, hana oda, na shule alimaliza zamani. Anapenda tu. Jibu hilo halikumridhisha mtu yeyote, kwa hiyo kila Jumamosi, akishamaliza kufua, alifunga mlango wa mbele na kushusha pazia.

Alikuwa mtunza kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja ya serikali mjini Kibaha, kazi ya kutoa mafaili na kuyarudisha, na kuyatafuta yale ambayo wakubwa wameyasahau kwenye magari yao. Nyumbani kwake ni Picha ya Ndege. Jina la mtaa lilikuwepo kabla hajahamia, na kila aliyejua kwamba anachora alidhani yeye ndiye wa kwanza kuligundua hilo na kulichekea. Mumewe, Laurean, mtu wa Bukoba, alifanya kazi Dar na kurudi jioni. Yeye alishazoea. Akikuta kipande cha karatasi kwenye wali alikitoa, akakiweka pembeni ya sahani, akaendelea kula, na katika ndoa hiyo si heshima ndogo.

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida. Karatasi za manila kutoka duka la vifaa vya shule, kalenda za mwaka uliopita, maboksi ya dawa ya meno, wembe, rula ya chuma, na gundi ya maji ambayo hukauka kwenye kifuniko kabla ya kukauka kwenye karatasi. Alianzia kwenye vikao virefu, akichora pembezoni mwa ajenda: kikombe cha mwenyekiti, kiatu cha mhasibu. Kutoka hapo akaingia kwenye kukata na kukunja. Alipenda namna mkasi unavyoizunguka kona na karatasi ikageuka yenyewe mkononi. Alipenda kupitisha ukucha kwenye mkunjo na kuona kitu kilichokuwa kimelala kikisimama. Kwa saa mbili tatu hakukumbuka faili, wala mkubwa, wala bei ya mchele, na alipoinuka mgongo ulimuuma lakini roho ilikuwa nyeupe.

Ofisini, aliyeijua siri hiyo alikuwa Hajira peke yake. Hajira alikaa meza ya pili pale masjala. Alikuwa Mzaramo wa Mzenga, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, alijipa ruhusa ya kumsema Kabula kutwa nzima bila kuomba radhi. Siku alipokiona kiatu cha mhasibu pembezoni mwa ajenda alicheka mpaka akaombwa atoke nje ya kikao, na Jumamosi iliyofuata akabisha hodi Picha ya Ndege akiwa na mkasi wake mwenyewe. Tangu hapo wakawa wawili. Hajira hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Ndege wake walifanana na kandambili, na maua yake yalihitaji maelezo. Lakini aliyafurahia kuliko Kabula alivyofurahia ya kwake, akayatundika yote sebuleni, na mgeni aliyeuliza ni nini aliambiwa aangalie vizuri.

Ng'ombe wa kwanza alikuja bila kuitwa. Kabula alikuwa ameikunja manila ili akate kitu chenye miguu minne, labda meza ya kuchezea, na mkasi ulipopita karibu na mkunjo akaona hii si meza, huu ni mgongo, tena una nundu. Akaendelea mpaka mkiani. Kisha akachukua penseli nyeusi, akaanza kumtia madoa madogo madogo ubavuni, na mkono ukawa unajua doa linalofuata liko wapi kabla yeye hajafikiri. Ubavu mmoja ulipokamilika, alimbandika ng'ombe kwenye kioo cha dirisha akiwa bado amekunjwa, mwanga ukapenya, naye akayafuatisha madoa yaleyale ubavu wa pili. Akamsimamisha mezani. Alikuwa Kanga, jike wa baba yake, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya madoa yake.

Tusifichane, Kabula alilia kidogo. Hajira aliyekuwa upande wa pili wa meza akihangaika na ua akamuuliza kuna nini, naye akasema ni gundi imemwingia machoni.

Kilichomliza ni kwamba Kanga hakuwepo tena, wala mwenzake hata mmoja. Mzee Maige, baba yake, aliishi Marui, ndani huko Kisarawe, tangu alipohama na ng'ombe wake kutoka Usukumani, Kabula akiwa bado mtoto wa mgongoni. Ng'ombe hao ndio walimsomesha Kabula na kumwoza kaka yake Simoni. Kisha mwaka jana nyonga ya mzee ikagoma. Akapasuliwa, akapona, lakini daktari akamwambia habari ya kutembea nyuma ya mifugo aisahau. Simoni alikuwa na duka la vipuri Dar, naye alisema wazi kwamba ng'ombe hawataki. Kwa hiyo likaja lori asubuhi, ng'ombe wote wakapakiwa kwenda mnadani Pugu, na mzee alisimama na fimbo yake mpaka wa mwisho alipopanda. Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakutaja tena ng'ombe, na hakutaka atajwe mbele yake. Jirani alipomsalimia kwa desturi ya wafugaji, akauliza mifugo haijambo, mzee aliinuka akaenda zake chumbani. Kiti chake alikigeuza kikaelekea barabarani, zizi likawa mgongoni. Mama yake Kabula, Yunisi, alipanda mchicha mle zizini na mumewe hakusema ndiyo wala siyo. "Anakula, anaoga, analala," Yunisi alimwambia binti yake kwenye simu. "Haongei. Amekuwa kama mgeni aliyekuja kulala siku moja tu, anaona aibu kuomba maji."

Basi Kabula akaendelea kukata. Baada ya Kanga alikuja Tarumbeta, dume mwenye pembe ndefu zilizofunguka mbele. Akaja Mjumbe, aliyekuwa na tabia ya kupita nyumba hadi nyumba. Akaja Bibi Harusi, mweupe mwenye baka jekundu kichwani kama shela, na Shuka, na wengine. Hakupanga kuwatengeneza wote. Kila Jumamosi alimkumbuka mmoja, na kila mmoja alipoisha alimweka kwenye boksi la viatu pamoja na wenzake, mpaka boksi likawa zizi.

"Mpelekee," Hajira alimwambia siku moja, akiwa amemshika Tarumbeta kwa kiganja.

"Siwezi."

"Kwa nini? Wamependeza kuliko watu wengi ninaowajua."

"Hajira, mtu ameuza ng'ombe wa kweli, halafu mwanawe anamletea wa manila? Si ni sawa na kumpelekea mwenye njaa picha ya ugali? Ataona namcheka." Kabula alimchukua Tarumbeta akamrudisha bokseni. "Nikienda Marui, baba bado anatoka nje kunipokea. Anakaa na mimi. Haongei, lakini anakaa. Nikimtonesha akaingia ndani, sijui kama atatoka tena kwa ajili yangu. Hicho ndicho nilichobaki nacho kwake, sikichezei."

Hajira hakubishana. Mtu anayemfahamu Hajira angeshtuka kwa jambo hilo peke yake, lakini Kabula alikuwa anatafuta kifuniko cha gundi, hakushtuka.

Sikukuu ya Nane Nane, Hajira alikuwa anakwenda Mzenga kumwona mama yake, akasema kwa kuwa Marui ni mbele tu atampeleka Kabula mpaka kwao. Alifika Picha ya Ndege asubuhi na gari lake dogo, akanywa chai, akaomba kwenda chooni, akakaa huko muda mrefu kidogo wakati Kabula akipanga sukari, mkate na dawa za mzee kwenye kikapu. Wakaondoka. Walipita Mlandizi, wakakata kushoto, lami ikawaacha, vumbi likawapokea. Mzenga walimsalimia mama yake Hajira, wakapewa mihogo, na Kabula aliponyanyuka kwenda kuipakia, Hajira alimzuia. Alisema mgeni habebi mizigo, akafungua buti mwenyewe na kulifunga haraka.

Walipofika Marui, Mzee Maige alikuwa barazani kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Aliinuka kwa shida kuwapokea, kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Alimwita hivyo, yaani mama, kwa sababu Kabula alibeba jina la mama mzazi wa mzee. Akarudi kukaa, akamtazama mgeni. "Na huyu?"

"Ni Hajira, nafanya naye kazi. Mzaramo, wa hapo Mzenga."

Kitu kikasogea usoni mwa mzee. Msukuma aliyekaa miaka yote hiyo katikati ya Wazaramo hawezi kutambulishwa kwa mmoja wao akaishia kusema karibu. Ni kama kukataa kushikana mkono.

"Mzaramo," alisema polepole. "Mmebakiza shamba hata moja, au mmeshauza yote?"

"Tulibakiza moja, mzee," alijibu Hajira. "Limeliwa na ng'ombe wako."

Neno lilikuwa limetamkwa, tena pale barazani, na hakuna wa kulirudisha. Kabula alimwona baba yake akiikaza mikono juu ya fimbo kama anayetaka kuinuka. Lakini utani nao una sheria yake. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuchukulia kuku bandani, anaweza kuja msibani akaigiza marehemu alivyokuwa anachechemea, na wewe unachoweza ni kumjibu au kushindwa. Mzee akibaki bila jibu angekuwa ameshindwa na mtoto wa kike wa Kizaramo, kwenye baraza lake mwenyewe. Hakuinuka.

"Sina ng'ombe," alisema.

"Wote husema hivyo mihogo ikishaliwa. Mimi sikuja kusalimia, mzee, nimekuja na kesi." Hajira alikwenda kwenye gari, akafungua buti, akarudi na boksi la viatu.

Kabula alilitambua lingali mbali. Alimfuata Hajira akitaka kumnyang'anya, lakini Hajira alishafika kwenye mkeka, ameshapiga magoti, anawatoa mmoja mmoja na kuwapanga kwa mstari, Mjumbe mbele kama inavyostahili.

"Nimewakamata hawa kwenye shamba la mama yangu," alisema Hajira, sauti kubwa, uso mkavu. "Wamekula mihogo mpaka majani. Kwa kawaida ningewapeleka kwa mtendaji, lakini nikasema huyu ni mtani, tuyamalize nyumbani. Pesa sitaki. Nataka jogoo. Sasa watambue. Ukisema ni wako, utoe jogoo. Ukisema si wako, naondoka nao."

Kila aliyefuga au kulima upande ule anakijua kikao cha namna hiyo. Mkulima amekuja na hasira yake, mifugo imezuiwa, mwenye mali ameitwa atambue. Mzee Maige alishasimama hapo mara nyingi, mara nyingine akiwa na haki, mara nyingine akijua kabisa kijana wake alisinzia machungani. Kumkana ng'ombe wako ni aibu, na kumkubali wa mwingine ni ujinga. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote, lazima uangalie.

Mzee akaangalia. Yunisi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi ili awasalimie wageni. Alipoona kilichopangwa juu ya mkeka salamu ilimkwama. Kabula aliegemea nguzo ya baraza akitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa na hasira na Hajira, na hofu juu ya baba yake, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Mzee aliinama, akamwokota Kanga kwa vidole viwili. Akamsogeza karibu na macho.

"Huyu si wangu."

"Mzee, usimkane. Madoa yote hayo?"

"Nimesema si wangu." Alimgeuza. "Huyu ana madoa pande zote mbili. Ninayemjua mimi alikuwa na madoa huku kulia tu. Kushoto alikuwa mweupe, na baka moja begani, ukubwa wa kiganja."

Akamrudisha, akamchukua Tarumbeta. "Na huyu vilevile. Mwenye pembe hizi alikuwa na baka kulia. Kushoto hakuwa nalo. Kushoto alikuwa na kovu, aliparuliwa na mti huko Chole, nikamtibu mwenyewe." Akamchukua Mjumbe, akamtazama kulia, akamtazama kushoto. "Kulia ni sawa. Kushoto siyo."

Mzee alikuwa hamsikilizi Hajira tena. Alimchukua Bibi Harusi. Alimchukua Shuka. Kila mmoja alimkagua hivyohivyo, akinong'ona kama mtu anayehesabu shanga: kulia sawa, kushoto siyo. Aliwaweka wote mkekani wakiwa wametazama upande mmoja, ubavu wa kulia ukionekana. Akautazama mstari ule.

"Aliyetengeneza hawa," alisema mwishowe, "alikuwa jikoni."

Yunisi alishusha mwiko.

"Wakitoka bondeni jioni walikuwa wanapita pale." Alinyoosha fimbo nyuma ya bega lake, bila kugeuka, kuelekea zizini. "Mtu akiwa kwenye mlango wa jiko anauona ubavu wa kulia peke yake. Upande wa kushoto nilikuwa nasimama mimi."

Kisha akageuka. Aligeuka mwili mzima, kiti kikalia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana macho yake yakapita zizini, yakapita mlango wa jiko, yakafika kwenye nguzo ya baraza.

"Ni wewe, mayu?"

"Ni mimi, baba," alisema Kabula. "Naomba unisamehe."

"Si ulikuwa unasonga ugali?"

"Nilikuwa nasonga, na nilikuwa naangalia. Kila jioni, hata nilipokuwa nakuja likizo. Nilikuwa nawajua wote." Akasita, lakini lililokuwa kifuani halikungoja ruhusa. "Ulipowauza nilitaka kuja niwaone, baba. Hukuniambia. Niliambiwa na Simoni wakiwa wameshafika Pugu."

Midomo ya Mzee Maige ilikuwa inatafuta maneno.

"Sikujua," alisema. "Siku ile nilimuuliza Simoni, yule mwekundu mwenye mkia mfupi anaitwaje. Akaniambia, baba, ng'ombe ni ng'ombe. Mama yako aliwajua wenye maziwa tu. Nikasema basi, kumbe hawa walikuwa wa kwangu peke yangu. Nitawalilia nani anielewe?" Sauti ikamkatika. Hakuuficha uso. "Sikukufikiria wewe. Ulikuwa mtoto wa jikoni. Nisamehe wewe."

Kabula alitoka kwenye nguzo akaketi mkekani, miguuni pa baba yake. Hofu yote ilikuwa imemtoka, na nafasi yake imejaa huzuni na furaha kwa pamoja, hajui ipi imetangulia. Mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo.

"Yule mwekundu ni Pilipili," Kabula alisema.

"Pilipili," mzee aliitikia.

Yunisi aliposikia mumewe akitamka jina hilo alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akarudi jikoni haraka kabla hajaonekana.

"Samahani," alisema Hajira, ambaye naye alikuwa amelowa machoni lakini hakutaka kupoteza haki yake. "Jogoo napewa au sipewi?"

"Mzaramo, ulichonacho ni maneno tu, kulima hujui, mihogo uliitoa wapi?" Mzee alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Jogoo utapewa. Mkamate mwenyewe, ni yule mwekundu, na ana mbio. Lakini hawa huondoki nao, ni wa mwanangu. Hawajakamilika upande mmoja tu." Akamwinamia Kabula. "Una kalamu?"

Kabula alikuwa na penseli, kifutio, mkasi mdogo na manila iliyokunjwa ndani ya mkoba. Mtu wa karatasi hatoki nyumbani bila karatasi. Alimchukua Kanga, akaanza kufuta madoa ya kushoto, yale aliyoyafuatisha kwenye kioo cha dirisha akiamini kwamba ubavu ukiujua mmoja umemjua ng'ombe mzima. Vumbi jeusi la kifutio likamwangukia kwenye sketi.

"Baka liko begani," mzee alielekeza. "Siyo hapo, hapo ni shingo. Teremka. Hapo. Liwe kubwa kidogo. Lina mkia huku chini, unaelekea kwenye mguu. Ehee."

Wakafanya hivyo mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya nyumba Hajira alisikika akimkimbiza jogoo na kumtukania ukoo wake wote wa Kisukuma. Mzee alieleza, Kabula akachora, na kila ng'ombe alikuja na habari yake: huyu alizaa mapacha, huyu aliingia kanisani siku ya kipaimara, huyu alikuwa hamtaki mtu mwenye kofia. Kabula alikuwa akicheka na kufuta na kuchora, akigundua kwamba wanyama aliodhani anawajua alikuwa anawajua nusu tu, na nusu nyingine ilikuwa imefungiwa humu, kwa huyu mzee. Penseli nyekundu ilipovunjika ncha, baba yake aliomba wembe akaichonga mwenyewe, vizuri kuliko anavyochonga yeye.

Walipomaliza, mzee hakumruhusu afunge mkoba. Aliigusa ile manila iliyobaki.

"Bado mmoja."

"Ndio wote hao, baba. Sijamwacha hata mmoja."

"Huyu hukumwona. Tulipokuwa tunahama alikuja nasi kutoka kwetu, akafia njiani, hatujaifikia Morogoro. Wewe ulikuwa mgongoni, mama yako alikuwa anaumwa, ziwa limekauka. Maziwa uliyokuwa unakunywa ni ya huyo." Aliisukuma manila kwa binti yake. "Nilimwacha kando ya barabara na sikupata hata muda wa kumfukia. Sijawahi kumtaja kwa mtu. Mama yako anajua alikufa, hajui nilivyoumia."

Kabula akaikunja manila katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akakata mgongo, nundu, na miguu minne, akimtazama baba yake usoni kila baada ya kona, naye akimwambia nenda, nenda, pembe chini zaidi, zilikuwa zimelala, alikuwa mpole. Akaifungua, akaiweka juu ya goti, nyeupe pande zote.

"Haya," alisema. "Nianzie kulia au kushoto?"

Mzee akafumba macho. "Anza kulia, upande wako. Alikuwa wa kijivu, kijivu cha moshi."

Yunisi alitokea mlangoni akasema chakula kimeiva, na mgeni ameshampata jogoo, na ugali unapoa.

"Ngoja kwanza, mama Simoni," alisema mumewe, macho bado ameyafumba. "Ng'ombe bado wanaingia."

Yunisi akarudi jikoni, akaufunika ugali kwa sahani. Halafu akaja akakaa kizingitini, mikono mapajani, asikilize.